Kuandikiana na kudai malipo ya mwanzo: je, ni kumdhania mteja vibaya?

SWALI: Assalaam alaykum, shehe. Mimi ni kijana wa Mwanga, hapa Kigoma. Natengeneza nembo, mabango na video fupi za biashara, sina mwajiri. Wateja huchukua kazi kisha hawalipi. Wengine ni wenzangu wa msikitini, wengine wako Bujumbura. Nikitaka tuandikiane au nipewe nusu kwanza, naambiwa siwaamini. Je, inafaa? Na naweza kutoza faini ya asilimia 5 kwa kila wiki ya kuchelewa, au kuwaanika mtandaoni?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah. Kijana wangu, kuandikiana si dhana mbaya. Walioamrishwa kwanza ni Maswahaba, na uaminifu wao haufanani na wetu. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inahusu kuandika deni, na inatukataza kuchoka kuliandika, liwe dogo au kubwa, pamoja na muda wake.

Aya hiyo ina jambo ambalo wengi hulipita: anayetamka maandishi ni mdaiwa. Basi usiandike wewe halafu yeye akakujibu kwa alama ya dole gumba. Mwombe atume mwenyewe, kwa maandishi na si kwa sauti: "Mimi fulani nimekubali nembo moja na mabango matatu kwa shilingi 300,000. Natoa 150,000 leo na 150,000 tarehe 20, kabla ya kupewa faili." Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ujumbe wa namna hii kuwa ushahidi. Usiufute, na ukibadilisha simu uhamishe.

Tarehe iwe ya kalenda. Mfanyabiashara wa Kibirizi, kwenye mwalo wa wavuvi hapa Kigoma, atakwambia, "Nitakulipa mbalamwezi ikiisha, dagaa wakianza kupatikana." Huenda hana nia mbaya, lakini boti zinaweza kurudi ziwani na dagaa wasipatikane. Mafakihi, yaani wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, wamekataa muda usiojulikana kwa sababu hiyo hiyo: unazaa ugomvi.

Kazi nayo ijulikane mipaka yake. Ninavyoona, madeni mengi ya mafundi hayaanzi kwa wizi. Mteja husema "bado sijaridhika", fundi anarekebisha mara ya tano, mwisho mmoja amechoka na mwingine amekasirika. Andikeni: marekebisho mara 2 yamo ndani ya bei, ya tatu ina bei yake.

Nusu ya mwanzo ni halali. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu huku, inafaa kushartiana ujira utangulie. Kwa mteja wa Bujumbura chukua yote kwanza, au gawa kazi vipande na usianze kipande kipya kabla cha nyuma hakijalipwa. Kumfuata Burundi kwa shilingi 150,000, nauli na siku zako vitamaliza deni lenyewe. Akighairi kabla hujaanza, mrudishie fedha yake; ukiwa umeanza, chukua thamani ya ulichofanya.

Kuzuia kazi mpaka ulipwe kuna msingi: wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi wamemruhusu mshonaji na mtia rangi kuzuia nguo hadi apewe ujira. Mpe mteja picha ndogo iliyopitiwa na jina lako katikati. Faili kamili baadaye. Na usitoe faili kwa kuonyeshwa ujumbe wa muamala, maana hughushiwa. Tazama salio kwenye simu yako mwenyewe. Lakini picha alizokukabidhi na neno la siri la ukurasa wake ni amana. Kumfungia ukurasa au kufuta vitu vyake ni dhuluma, hata kama anadaiwa.

Faini ya asilimia 5 haifai. Nyongeza juu ya deni kwa sababu ya kuchelewa ni riba, hata akiisaini kwa hiari. Badala yake taka mdhamini au rehani. Mtume (s.a.w.) alifariki deraa yake, vazi la chuma la vitani, ikiwa rehani kwa Myahudi, kwa deni la shayiri.

Kuhusu kuanika: Suratun Nisaa aya ya 148 inamruhusu aliyedhulumiwa kusema. Sema "fulani ana deni langu" mbele ya anayeweza kukusaidia. Kusambaza picha zake na za familia yake ni kuvuka mpaka.

Lakini kwanza uliza hali yake. Asiye nacho hupewa muda, kwa aya ya 280 ya Baqara. Aliye nacho akakuzungusha, Mtume amesema kuchelewesha kwa tajiri ni dhuluma. Huyo mwandikie barua ya madai, umpe siku 14, na nakala uikabidhi kwa mwenyekiti wa mtaa. Zikipita, nenda Mahakama ya Mwanzo na ujumbe wake uliochapishwa. Shauri huendeshwa kwa Kiswahili. Usikae ukisubiri, kwani madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6. Kudai haki mahakamani hakupunguzi tawakkul yako, yaani kumtegemea kwako Mwenyezi Mungu, wala si kuvunja udugu wa msikitini. Akiomba kulipa kidogo kidogo, kubali, lakini aandike upya kiasi na tarehe za kila awamu, wawepo mashahidi wawili, na usimpokelee kazi nyingine mpaka amalize.

Wallahu a'lam.