Kabla ya kupanda pikipiki ya mchangani, tazama miguu yako

Vijana wengi wanaotaka kuendesha pikipiki kwenye vilima vya mchanga vya Mambrui, karibu na Malindi, huniuliza wanunue helmeti ya bei gani. Mimi huwatazama miguuni kwanza. Aghalabu nakuta raba, au ndara kabisa.

Nami nilianza na raba. Siku moja, ng'ambo ya daraja la Sabaki, gurudumu la mbele lilizama kwenye mchanga mwororo, nikatia mguu chini nisianguke. Pikipiki ikanilalia. Kikanyagio kilinibana kifundo, ekzosi ikanikalia kwenye shavu la mguu. Kovu ninalo hadi leo, na kifundo hufura nikitembea mwendo mrefu.

Buti la kazi hii hufika karibu na goti, lina kinga ngumu kwenye muundi, na hufungwa kwa bizimu, si kamba. Ukiwa dukani, shika kisigino kwa mkono mmoja na shingo ya buti kwa mwingine, kisha lisokote. Likisokoteka kama tambara la kudekia, mrudishie mwenyewe.

Helmeti nayo ivae, kisha ujaribu kuizungusha kwa mikono. Ngozi ya mashavu na ya paji la uso ifuatane nayo. Ikizunguka peke yake, ni kubwa. Tazama mkanda wa kidevu: herufi E ndani ya duara maana yake imepimwa kwa Kanuni ya 22 ya Umoja wa Mataifa, ile ya usalama wa helmeti. Ya mtumba usiiguse, hata iwe inang'aa vipi. Povu la ndani likishabonyea kwa pigo moja halirudi, na kwa nje huoni kitu. Mtumba naupenda sana, lakini hapa hapana.

Miwani ya jua haifai. Kusi ikivuma mchanga huingia pembeni, kwa hivyo tafuta miwani ya vumbi yenye sponji inayobana usoni.

Najua utaniambia joto. Wakati wa kaskazi, barabara ya Marafa huchoma kweli. Basi acha jaketi la ngozi. Vaa kinga ya kifua na mgongo yenye matundu juu ya fulana nyepesi ya mikono mirefu, kinga za magoti ndani ya suruali, ubebe maji mgongoni na utoke alfajiri.

Glavu za bei nafuu zinatosha, mradi zisikunjamane kiganjani ukibana breki.