Kuhusu mjomba wako ambaye hatukumzika

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa Jumapili usiku nimeusoma mara tatu. Nimeona nikuandikie, maana kwa simu ningelia katikati ukakosa jibu. Umesema kwenye msiba wa mfanyakazi mwenzako huko Dodoma, mchungaji wa Kisabato alihubiri kwamba wafu hawajui neno lolote mpaka siku ya parapanda, ukamkumbuka mjomba wako. Ukaniuliza: "Mama, mtu ambaye ziwa halikumrudisha, hata kaburi hana, atafufukaje? Na sasa hivi yuko wapi?"

Ulikuwa na miaka miwili meli ya MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria, tarehe 21 Mei 1996. Kaka yangu alikuwa anakuja kututembelea, bibi yako kamfungashia mikungu ya ndizi. Mwanza ilikuwa imeshakaribia. Mamia ya watu, mwanangu. Siku zile nilizunguka nikifunuliwa shuka moja baada ya jingine, na nyuso zilikuwa zimebadilika kwa maji, kwa hiyo nikaacha kutazama sura. Nilikuwa natazama nyusi tu. Mjomba wako alikuwa na kovu juu ya jicho la kushoto, tulipokuwa watoto aliangukia jembe kibanjani. Nyusi ile sikuiona. Wengi walizikwa pamoja Igoma, hapa Mwanza, sisi tukarudi nyumbani mikono mitupu. Bibi yako alikataa kabisa tuanue tanga. Aliniuliza swali hilihili lako, nami wakati ule sikuwa na la kumjibu.

Sasa ninalo. Sikiliza: ufufuko haukai kwenye mifupa, unakaa kwa Mungu. Kaburi tunachimba kwa ajili yetu sisi tuliobaki, tupate pa kuweka ua na pa kupigia magoti. Mungu hahitaji kuonyeshwa mahali. Karoli Lwanga na wenzake, Mashahidi wa Uganda, walichomwa moto Namugongo, huko ng'ambo ya ziwa letu hilihili, tarehe 3 Juni 1886, na Kanisa halijawahi kusema moto uliwapunguzia chochote. Fungua Ufunuo sura ya 20: "Bahari ikawatoa wafu waliokuwa ndani yake." Mstari ule niliupigia mstari kwa kalamu nyekundu, karatasi ikatoboka. Aliyeuandika aliwajua watu kama sisi.

Na yuko wapi sasa? Hapo Wakristo hatusemi lugha moja. Wasabato wanasimama kwenye kitabu cha Mhubiri, kwamba marehemu amelala, hajui kitu mpaka Bwana arudi. Usiwabeze, jirani zangu wengi ni Wasabato na wanazika kwa tumaini. Mimi nimelelewa Mkatoliki. Yesu alimwambia yule mwizi msalabani "leo hivi" utakuwa nami peponi, nami nashika hapo. Naamini mjomba wako yu hai mbele za Mungu, na kama bado anatakaswa toharani, sala zetu zinamfikia. Ndiyo maana kila tarehe 2 Novemba namwombea misa.

Lakini kuna kitu tunakisahau misibani, tunaposema "ametangulia mbinguni" kana kwamba hadithi imeishia hapo. Kwenye Nasadiki tunasema "ufufuko wa miili". Miili! Hatutangojea kuwa moshi unaoelea. Paulo anawaambia Wakorintho kwamba unachopanda ni chembe tupu, na kinachoota kina mwili mwingine, ila ni cha mbegu ileile. Wewe umekua unaona mahindi yakioza udongoni kabla ya kuchipua, hilo sihitaji kukueleza.

Halafu angalia Yesu mwenyewe alipofufuka. Wanafunzi wakadhani ni mzimu, akawaomba chakula, wakampa kipande cha samaki wa kuokwa, akala wakimtazama. Kwenye Injili ya Yohane anawangoja alfajiri ufukweni mwa ziwa, moto wa makaa umewaka, samaki juu yake na mkate, naye anawaita waje wafungue kinywa. Kila nikipita mwaloni Kirumba asubuhi, mitumbwi inaingia na moshi unapanda, nasimama kidogo. Wale walikuwa wavuvi, wamekesha bila kupata kitu, wamefiwa. Naye akawapikia.

Na alama za misumari zilikuwapo mikononi. Hilo ndilo lililonituliza miaka yote hii. Alishinda mauti, kovu akabaki nalo, Tomaso akamtambua kwalo. Kwa hiyo siku ile sitafunua shuka. Nitatazama nyusi ya kushoto.

Mwaka huu tarehe 21 Mei nitakwenda Igoma kama kawaida, ingawa najua huenda hayumo. Omba ruhusa mapema kazini uje twende wote. Na usiache kusali Rozari kwa ajili yake, hata fungu moja kabla hujalala.

Mama yako,
Mwanza