Jibu: Beki wa kushoto anapanda kila saa

Ndugu wa Kondele, unauliza mbona beki wako wa kushoto anapanda hata ukimwambia akae, na mnafungwa upande huo huo. Kwenye Football Manager 2024, lile gemu la kuwa kocha wa timu ya mpira, anza na jukumu lake. Ukimwacha kwenye kushambulia, usitegemee maagizo madogo yamzuie. Mpe jukumu la ulinzi, kisha fungua maagizo yake binafsi, umpunguzie krosi na kukimbia na mpira. Winga wa mbele yake ndiye ashike chaki, yaani abaki pembeni karibu na mstari.

Halafu chungulia tabia za mchezaji. Kama ana ile ya kupanda kila akipata upenyo (hao wako hata pale Moi Stadium, Kisumu), hiyo haitoki siku moja. Makocha wamwachishe tabia hiyo mazoezini, inachukua miezi. Mimi ningemuuza.