Mdogo wangu, bendera bado naitundika

Uliponiuliza asubuhi ya tarehe 9 Oktoba, sikukuu ya uhuru wa Uganda yetu, “Dada, wewe uliyeondoka, bendera unaitundika ya nini?” ndiyo kwanza nilikuwa natoka zamu. Hapa Birmingham, Uingereza, nahudumia wazee kwenye makao yao, saa mbili usiku mpaka saa mbili asubuhi. Kodi ya chumba inakula karibu nusu ya mshahara. Sikufichi, hela mnazopokea huko Busia ni usingizi wangu.

Tamaa nakata, tena sana. Tangu bendera ya Mwingereza ishushwe pale Kololo, Kampala, mwaka 1962, hatujaona rais akimkabidhi mwenzake madaraka kwa amani baada ya uchaguzi. Wewe una watoto wawili sasa, na rais ni yule yule Museveni aliyeapishwa 1986. Mwaka 2005 Bunge likafuta ukomo wa mihula ya urais. 2017 likafuta na ukomo wa umri wa mgombea urais. Hiyo ya 2017 ndiyo iliyonivunja. Wiki ile ile nilianza kutafuta pasipoti.

Lakini unaukumbuka usiku ule wa Baba hospitalini, kabla sijasafiri? Tulitumwa ng'ambo ya barabara kununua glovu, pamba na uzi wa kushonea. Hospitali ya serikali, haina hata glovu! Kisha umeme ukakatika kidonda kikiwa wazi. Yule sista akanitia simu yake mkononi: “Mulika hapa, usitetemeke.” Akashona mpaka akamaliza, jasho likimdondoka kwenye kidevu. Baadaye ndiyo tukasikia ana miezi mitatu hajalipwa. Mtu akiniambia Uganda imekwisha, namwona sista yule, na siwezi kuitikia.

Jumamosi sisi Waganda wa hapa tulikodi ukumbi kusherehekea uhuru. Akina mama na magomesi yao, wanaume na kanzu, matoke ya hapa yamesinyaa ila tuliyala. Wimbo wa taifa ulipoanza, wa kwanza kusimama alikuwa mzee wa Kihindi. Ni mmoja wa wale Amin aliowapa siku 90 waondoke, mwaka 1972. Walimnyang'anya duka na nyumba. Nilipomwuliza kwa nini huja kila mwaka, alinijibu kwa Kiswahili safi cha Jinja: “Kaburi la baba yangu liko kule, binti yangu. Niwaachie wao nchi?”

Sikulala siku hiyo, nikimwaza.

Ukitaka kuja huku, njoo. Sitakuzuia, na mimi nilikuja. Ila usije kwa kuwa wenzako wamekuambia nchi imekufa. Njoo ukijua unachokiacha, maana huku utakikumbuka kila siku.

Desemba nakuja. Maboksi manne ya glovu yako tayari sandukuni, chini ya sweta la Baba. Nenda kaulize kama sista bado yuko wodi ile, na uniambie anavaa saizi gani.