Unasoma Katiba? Anzia Karimjee

Wadogo zangu mnaosoma sheria mnaniuliza sana Katiba inasomwaje maana ibara zinachosha, mi ushauri wangu ni huu, tafuta mtu mmoja aliyeishi nayo umfuate hatua kwa hatua. Mimi nilimfuata mzee Pius Msekwa.

Miaka ya 60 alikuwa Katibu wa Bunge pale Ukumbi wa Karimjee Dar, 1970 akawa Makamu Mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, 1994 akarudi bungeni kama Spika mpaka 2005, na ameandika sana kuhusu Bunge na katiba. Watu huidharau kazi ya katibu jamani, wanaona ni karani tu, kumbe ndo anayekaa mezani mbele ya Spika, anasoma jina la muswada kila hatua, na Spika akikwama kwenye kanuni anayeulizwa ni yeye. Ukimsoma Msekwa ukijua alikaa kiti hicho, unaona kwa nini anajali sana utaratibu, nani aseme lini na kura ipigwe vipi.

Kwahiyo fanya hivi, nenda East Africana, sehemu ya vitabu na nyaraka za Afrika Mashariki pale maktaba ya UDSM, uombe Hansard (kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge) za miaka ya 60, usikimbilie hotuba za wakubwa, soma kikao chote mpaka maswali ya barabara na maji, hapo ndo utaona Bunge linavyofanya kazi.

Halafu nenda Karimjee yenyewe, ipo jirani na Makumbusho ya Taifa na bustani ya Botanical. Siku hizi wengi tunapajua kwa kuaga miili ya watu maarufu, na hii inaniuma kweli, mtu anapanga foleni ya kuaga saa nzima hajui kwamba Bunge lililokuwa linakaa hapo ndo lilipitisha Muungano tarehe 25 Aprili 1964, siku tatu tu baada ya Nyerere na Karume kusaini. Siku tatu! Mwaka uliofuata ikaja Katiba ya Muda ya 1965 na chama kimoja kikaingia kisheria. Hayo mawili ndo tunabishana nayo mpaka leo.

Ulizia kwanza kabla ya kwenda maana ukumbi unakodishwa kwa shughuli, na kama upo Dodoma ulizia Ukumbi wa Msekwa, ndo huyo huyo mzee.