Kofia ya jino haing'ai kwa jeli

SWALI: Daktari, pole na kazi. Miaka tisa iliyopita niliwekewa kofia ya kauri, ile inayolifunika jino lote, kwenye jino moja la mbele, na jino la pembeni yake likabandikwa vinia, yaani lile ganda jembamba la kauri linalofunika uso wa jino. Hivi karibuni niliona meno yangu yameanza kuwa ya njano, nikatumia jeli ya kung'arisha kwa wiki mbili. Mengine yamekuwa meupe, lakini hayo mawili yamebaki vilevile, tena sasa yanaonekana yamechakaa. Je, nitafute jeli kali zaidi? Na niyatunzeje?

JIBU: Hapana, usitafute jeli kali zaidi, na hiyo unayotumia iache kwanza. Jeli za aina hiyo huwa na haidrojeni peroksaidi, au kabamidi peroksaidi ambayo ikifika mdomoni huitoa hiyo ya kwanza. Dawa hiyo hupenya enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, ikafika hadi dentini iliyo chini yake, na humo huzivunjavunja chembe zinazolipa jino rangi ya njano. Kauri haina chembe hizo. Rangi yake ilichaguliwa na kuchomwa pamoja nayo katika tanuri kabla haijafika kinywani mwako, na hakuna peroksaidi itakayoibadilisha. Kofia yako haikuchakaa kwa sababu ya jeli. Ni meno jirani yaliyobadilika yakaiacha nyuma. Ukiongeza ukali, tofauti itazidi, na fizi zako ndizo zitakazoungua.

Kabla ya kuamua lolote, simama mbele ya kioo mchana, karibu na dirisha, uinue mdomo wa juu kwa kidole, kisha utazame weusi uko wapi hasa. Madoa yaliyotanda juu ya kauri, ya chai, kahawa, sigara au dawa ya kusukutua yenye klorheksidini, huondoka yakisafishwa na kupigwa msasa laini kliniki. Mstari wa kahawia mwembamba kama unywele, pale kauri inapokutana na jino, ni jambo jingine: huenda gundi imeingiwa na rangi, au jino limeanza kuoza ukingoni, na hilo halisubiri. Mstari wa kijivu kwenye ufizi mara nyingi ni metali iliyo chini ya kauri, ambayo imejitokeza baada ya ufizi kushuka, huo hausafishiki. Na ikiwa vinia yote imekuwa ya kijivu, jino lililo nyuma yake ndilo lililobadilika rangi, kwa kuwa vinia nyingi hazifikii unene wa milimita 1 na mwanga hupita. Jino la namna hiyo, kama liliwahi kutibiwa mzizi, linaweza kung'arishwa kutoka ndani kupitia upande wa nyuma, bila kuibandua vinia.

Ikiwa kauri ni nzima na kinachokusumbua ni tofauti ya rangi tu, subiri. Weupe wa meno ya asili hufifia kidogo baada ya jeli kusimamishwa, na huenda tofauti hiyo ikapungua hata ukaridhika. Usiporidhika, dawa ni kutengenezewa kofia na vinia mpya, lakini si mapema kuliko wiki mbili baada ya kumaliza jeli: rangi huwa bado haijatulia, na oksijeni inayosalia ndani ya jino huidhoofisha gundi. Inanisikitisha kila ninapokutana na mgonjwa ambaye hakuelezwa kwamba meno hung'arishwa kwanza, ndipo rangi ya kauri ichaguliwe.

Kuhusu utunzaji, kauri haiozi, lakini jino lililo chini yake linaoza kama jino lolote, na huanzia ukingoni, mahali ambapo ukoga hujificha. Kwa hiyo piga mswaki laini mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, na kila usiku pitisha uzi wa meno: ukunje ukumbatie jino, uteleze taratibu hadi chini kidogo ya ufizi, kwanza upande mmoja kisha wa pili. Epuka dawa za mkaa na zile zenye chembechembe za kukwaruza, kwa sababu huuondoa mng'ao wa juu wa kauri, na uso uliokwaruzika hushika madoa upesi. Ukipakwa floraidi kliniki, mkumbushe mhudumu kwamba una kauri, ili asitumie aina yenye asidi. Kama unasaga meno usingizini, omba kinga ya kuvaa usiku. Nimeona vinia nzuri zikikatika pembe kwa sababu hiyo tu.

Unapokwenda kliniki, omba jalada lako la zamani. Litaonyesha kama kofia ni kauri tupu au ina metali chini yake, na pia kama vinia yako kweli ni kauri au ni rezini, yaani aina ya plastiki ngumu ya meno, kwani rezini hunywa rangi kadiri miaka inavyopita, lakini huweza kung'arishwa kwa msasa au kuongezewa tabaka jipya bila kuondolewa yote.