Fundi Bunduki Anajibu: "Kilo Sita Zinanichosha Mlimani"

SWALI: Shikamoo Fundi. Nina bunduki ya bolti (komeo linalovutwa kwa mkono kabla ya kila risasi) niliyotengenezewa kwa oda, inatumia risasi ya 7mm Remington Magnum. Imetulia na inapiga vizuri hadi mita 500, lakini ikiwa kamili, na darubini na bipodi yake (miguu miwili ya kuiegemeza mbele), ina kilo 6.3. Nawinda milimani na kutwa nzima naibeba begani. Fundi aliyejitolea kuipunguza uzito anataka tuanze na mtutu: aukate, auchonge uwe mwembamba, kisha autie mifereji, yaani michirizi ya nje ya kuupunguzia chuma. Lengo langu ni kilo 4.5. Nimkubalie?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimkubalie, angalau si kwa mpangilio huo. Mtutu uguswe mwisho. Umesema mwenyewe kwamba bunduki imetulia; sehemu kubwa ya utulivu huo imo kwenye chuma kilichoko mbele ya mkono unaoishikilia, na huko ndiko mnakotaka kuanza kukata.

Ifungue kwanza, upime kipande kimoja kimoja. Bunduki za aina yako zinapoletwa mezani kwangu, mara nyingi mizani husema hivi: kitako (mwili wote unaobeba chuma, toka begani hadi chini ya mtutu) cha mbao za tabaka kilo 1.4, darubini yenye bomba la milimita 34 kilo 1, pete za chuma pamoja na reli gramu 250, bipodi gramu 450. Hivyo peke yake ni kilo 3.1. Boksi la bolti (chuma ambamo bolti hutembea), bolti yenyewe, kifyatulio na magazini huchukua kilo 1.2, na mtutu wa sentimita 66 kilo 2. Yaani karibu nusu ya mzigo wako ni vitu ambavyo risasi haipiti ndani yake. Huko ndiko pa kuanzia.

Anza na kitako. Kitako kizuri cha nyuzi za kaboni kina gramu 700 hivi, kwa hiyo gramu 700 zimeondoka bila kugusa chuma chochote. Ila hapa nakuomba uwe mkali, kwa sababu vitako vyepesi havilingani. Ndani ni ganda lililojazwa povu gumu, na boksi la bolti likikazwa kwa skrubu juu ya povu tupu litakuwa linahama kidogo kidogo kila unapopiga. Dai nguzo za alumini kwenye matundu ya skrubu, na udai boksi lilazwe kwenye gundi ngumu ya epoksi ili likae mahali pamoja siku zote. Kisha fanya jaribio hili mbele ya fundi: weka bunduki tupu kwenye bipodi, ilalie kwa uzito wa bega lako kama unavyofanya porini, na mtu mwingine apitishe karatasi kati ya mtutu na kitako kuanzia mbele hadi karibu na chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa. Karatasi ikikwama, sehemu ya mbele inapinda na kuugusa mtutu. Kirudishe. Kitako kinachougusa mtutu leo na kesho kisiuguse kitakuhamishia shabaha, nawe utailaumu darubini.

Darubini inafuata. Kwa mnyama aliye mita 500 huhitaji kukuza mara 25. Yenye kukuza mara 3 hadi 15 na bomba la milimita 30 inatosha, na zipo nzuri za gramu 650. Faida yake haiishii kwenye mizani. Darubini hukaa juu ya mtutu, na uzito ulioko juu huifanya bunduki itake kulala upande ukiwa umepiga goti kwenye mteremko. Pete na reli za alumini ni gramu 120; bipodi yenye miguu ya kaboni ni gramu 250.

Jumlisha: 700, 350, 130 na 200. Umepunguza kilo 1.38 na bunduki sasa ina kilo 4.92, mtutu ukiwa vilevile ulivyokuwa.

Hapo ningekusihi usimame, uende nayo mlimani msimu mmoja kabla ya kuendelea. Kila gramu unayoiondoa inarudi begani kwa njia nyingine. Chukua risasi ya gramu 10.4 inayotoka kwa kasi ya mita 900 kwa sekunde, ikisukumwa na baruti ya gramu 4.2. Kwa hesabu yangu bunduki ya kilo 6.3 inarudi nyuma na nishati ya takriban jouli 17. Ya kilo 4.5 inafika 23, na ya kilo 3.5 inafika 30. Teke likizidi, jicho huanza kufumba kabla ya kidole kumaliza kazi yake, na hilo huwapata hata wapigaji wazuri.

Lipo na jambo ambalo wengi hawalifikirii. Bunduki haingoji risasi itoke ndipo irudi. Risasi ikiwa bado inakimbia ndani ya mtutu, bunduki yako ya sasa tayari imerudi nyuma kama milimita 1.2, ya kilo 3.5 imerudi zaidi ya milimita 2. Katika mwendo huo mdogo ndimo namna ulivyoishika, bega lilivyokaa na mkoba ulioiegemeza vinapoamua risasi ielekee wapi. Bunduki nzito husamehe mshiko mbaya. Nyepesi inakudai uishike vilevile kila mara, na mtu aliyetoka kupanda mlima akihema ni vigumu kulitimiza hilo.

Ikiwa baada ya hayo bado unazitaka zile gramu 420 zilizobaki, basi tuuzungumzie mtutu. Kuukata ndiyo njia ninayoipenda kuliko kuuchonga. Mtutu wenye unene wa milimita 20 mdomoni una gramu 22 hivi kwa kila sentimita, kwa hiyo ukishuka kutoka sentimita 66 hadi 60 unapata gramu 130. Kasi hupungua takriban mita 3 kwa sekunde kwa kila sentimita, ingawa kila mtutu una tabia yake. Kwa sentimita 6 ni kama mita 18 kwa sekunde. Hilo unaweza kuishi nalo, mradi upime kasi upya na kutengeneza upya jedwali lako la umbali. Na mtutu uliobaki unakuwa mgumu zaidi kupinda kwa sababu ni mfupi.

Kuupunguza unene ndiko kunakonitia hofu. Ugumu wa mtutu hufuata unene uliozidishwa kwa wenyewe mara nne. Ukiushusha kutoka milimita 20 hadi 16, uzito unapungua kwa asilimia 41, lakini ugumu unapungua kwa asilimia 60. Unatoa zaidi ya unachopata. Mifereji ni afadhali, maana inaondoa chuma na kuacha unene wa nje. Lakini mtutu uliokwisha kukamilika ukichongwa, mikazo iliyofungwa ndani ya chuma inaweza kulegea na tundu likapanuka kidogo mahali fulani. Mifereji iagizwe kwa mtengenezaji wa mtutu, aichonge kabla ya kung'arisha tundu kwa mara ya mwisho.

Na mtu yeyote asiguse chuma kinachozunguka chemba. Shinikizo mle hufika megapaskali 420, zaidi ya mara 4,000 ya hewa inayotuzunguka. Hakuna gramu ya kutafuta hapo.

SWALI: Fundi, vipi mtutu uliozungushiwa kaboni? Nimesikia haupati joto.

JIBU: Unapata. Ndani ni mtutu mwembamba wa chuma, na kaboni inapitisha joto polepole kutoka ndani kwenda nje, ndiyo maana kiganja kinahisi ubaridi huku chuma kikiwa kinachemka. Kwa mwindaji anayepiga risasi moja au mbili ni chaguo zuri sana. Mtutu wa kilo 2 unaweza kubadilishwa kwa wa kilo 1.3, na unene wake unausaidia kubaki mgumu. Ukiwa uwanja wa mazoezi, pumzika kwa kufuata saa, usiusikilize mkono.

SWALI: Nikiweka breki mdomoni mwa mtutu, ile yenye matundu ya kutolea gesi, si nitaweza kushuka hadi kilo 3.5 bila kuumia?

JIBU: Breki nzuri inapunguza teke kwa thuluthi au zaidi, na ya titani haina uzito wa kukusumbua. Lakini inageuza gesi na mshindo pembeni na nyuma, kwako na kwa mwenzako aliyelala kando yako. Mshindo wa bunduki kama hii unapita desibeli 160 hata bila breki, na sikio lililoharibika halitibiki. Ukiiweka, nyote wawili mzibe masikio kila risasi, hata ile moja ya haraka mnyama anapotokea ghafla. Kama unajua hutapata nafasi ya kufanya hivyo, acha breki na ubaki kwenye kilo 4.9.